Chumba cha Mwisho cha Banda la Intaneti

Kianjokoma, Embu
6 Septemba 1998

Kwa Kinya,

Sanduku ulilotuma lilifika Jumamosi. Dereva wa lori la viazi alilishusha pale sokoni, Nthiga akalibeba mabegani hadi nyumbani. Nthiga ni mdogo wa marehemu mume wangu, na ndiye mwanamume pekee aliyebaki katika boma hili. Utamkumbuka siku ya mazishi ya mwanangu Munene mwezi wa saba, yule mwenye koti refu aliyekuwa akinishika mkono.

Wewe nilikuona siku hiyo. Ulivaa sweta ya kijani, ukasimama na wafanyakazi wenzake Munene, mbali na kaburi. Nilitaka kukuita usogee lakini sikuwa na sauti. Mwanangu alikuwa ameniambia kwamba mwezi wa nane angekuleta nyumbani nikujue. Homa ya matumbo haikungoja mwezi wa nane. Basi nimekujua kwa mbali, na kwa jinsi ulivyoyakunja mashati yake. Mimi nilijaribu kumfundisha kukunja shati tangu akiwa darasa la tatu, na hakuwahi kuweza.

Vitu vyote nimeviona. Viatu, rula, kitabu cha nyimbo, kalamu za rangi. Usijali kwamba hakuna picha yake. Nina kitu kizuri kuliko picha. Pasaka iliyopita alikuja na redio kaseti, akakaa jikoni kwangu akarekodi. Alisema anajizoeza kueleza watu hiyo intaneti yenu, na kwamba mimi nikielewa, Meru nzima itaelewa.

Alipokuwa mdogo alifunga uzi kati ya makopo mawili ya mafuta ya Kimbo. Kopo moja lilikuwa jikoni, jingine ghalani kwenye mahindi. Anaita kutoka kule, "Mama, unanisikia?" Mimi nina sufuria motoni, namjibu, "Nasikia moshi tu!" Sasa kaseti inaanza na maneno yale yale. Mashine inalia kidogo, halafu yeye anasema, "Mama, unanisikia?" Katikati kuna mahali alinisogezea redio akaniambia niseme neno. Nilikataa. Nilimwambia nimevaa nguo za shamba. Anacheka, mimi nacheka, jogoo anawika, kisha anaendelea.

Huwa naisikiliza Jumapili nikitoka kanisani. Betri naziweka juani kwanza ili zipate nguvu.

Nilitaka kukushukuru tu, na kukuuliza kama banda lile alilokuwa akijenga bado linajengwa, au lilikwisha naye.

Ni mimi,
Cicily, Mama Munene


Meru
15 Septemba 1998

Mama Munene,

Barua yako niliisomea juu ya ngazi, brashi mkononi, rangi ikanidondokea kwenye kiatu. Banda halijaisha. Ndilo ninalolipaka rangi.

Nikueleze, maana sijui Munene alikwambia kiasi gani. Bustani ya Furaha ni ya baba yangu mkubwa, Mzee Thuranira. Ndiye aliyenilea kule Kibirichia baba yangu alipokufa, na sasa ndiye mwajiri wangu. Ana bembea za kuzunguka, treni ya watoto na bwawa lenye mashua za kukanyaga. Lakini moyo wake wote uko kwenye Banda la Intaneti. Aliiona intaneti siku moja katika ofisi ya mtu huko Nairobi, akarudi akisema Meru haitaachwa nyuma. Shida ni kwamba laini ya simu haijatufikia. Tuna kompyuta moja, na haijaunganishwa na chochote isipokuwa stima, na stima nayo huja ikipenda.

Baba mkubwa alimwuliza Munene, "Sasa kijana, tutawaonyesha watu nini?"

Munene akasema, "Tutawaonyesha inavyokuwa, mzee. Yenyewe itatukuta tukiwa tayari."

Basi chumba cha kwanza ni cha barua. Mtoto anaandika maneno kwenye karatasi, karatasi inakatwa vipande, na kila kipande anapewa mtoto mwingine. Mmoja anapita ndani ya mapipa, mwingine juu ya daraja la kamba, mwingine chini kwa chini. Wanakutana upande wa pili na kuviunganisha hadi barua isomeke. Munene alisema ni kama viazi vyetu vya Kibirichia, vinavyoshuka Meru kwa mikokoteni tofauti halafu vinakuwa rundo moja sokoni. Chumba cha pili kina kamba za rangi zinazoning'inia kutoka darini, kila moja na jina la mji. Ukivuta ya Embu, kengele inalia ng'ambo ya ukuta, na mtu usiyemwona anakuvutia yake.

Chumba cha tatu, cha mwisho, kwenye mchoro ni mraba mtupu. Ameandika maneno mawili tu, "giza" na "kigoda". Kila nilipomwuliza alisema, "Ngoja. Nitakueleza siku nikikupeleka nyumbani. Mama ameshaelewa, wewe utashindwaje?"

Tunafungua sikukuu ya Jamhuri, tarehe kumi na mbili Desemba. Baba mkubwa amesema kama hakuna anayejua chumba hicho ni cha nini, atakifanya duka la soda. Mama, siwezi kusimama pale nikiuza Fanta ndani ya kitu alichokiwaza yeye.

Je, kwenye kaseti anakitaja? Unaweza kuniazima hiyo kaseti kwa wiki moja? Nitakuja kuichukua mwenyewe.

Kinya


Kianjokoma
27 Septemba 1998

Kinya mwanangu,

Anakitaja. Nimekaa na redio na kalamu, nikisimamisha na kurudisha, na haya ndiyo maneno yake kama alivyoyasema. Nimeyaacha jinsi yalivyo.

"Mama, chumba cha mwisho sitaki kiwe na taa wala waya. Watakuwa wameshaona kamba na kengele, watakuwa wamechoka na kelele. Wataingia mmoja mmoja. Kuna kigoda na giza. Ukikaa, sauti inakuuliza, unanisikia? Ukijibu, jibu lako linatokea nje kwa watu usiowajua. Kwisha. Watu watasema, ni hayo tu? Ndiyo, ni hayo tu. Zile kompyuta zote, za Ulaya na za wapi, ukiondoa waya zinafanya hivyo usiku na mchana. Moja inaita, unanisikia? Nyingine inajibu, nakusikia, sema. Isipojibiwa, inaita tena. Ni kama mimi na wewe na yale makopo, Mama, ila wewe ulikuwa unajibu moshi."

Hapo ndipo aliponisogezea redio, nikakataa.

Sasa unaweza kukijenga. Kigoda kiwe cha chini, cha miguu mitatu, kama changu cha jikoni. Nina hakika ndicho alichokiwaza, maana alikuwa amekikalia.

Kuhusu kukuazima kaseti, unisamehe. Mtu akiniomba kuku nampa, akiomba mahindi nampa. Hiyo siwezi. Ikikwama kwenye mashine ya huko nitabaki na nini? Uzi wa kaseti ni mwembamba kuliko wa makopo. Njoo wewe uisikilize hapa. Nitakupikia, na utanieleza kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba unajua kupaka rangi.

Mama Munene


Bustani ya Furaha
Meru, 8 Oktoba 1998

Kwa Bi. Cicily, Mama wa marehemu Munene,

Pokea salamu zangu na pole yangu tena.

Kinya amenisomea maneno ya kijana wetu kuhusu chumba cha mwisho. Nikiri kwamba mara ya kwanza sikuelewa. Nilimwambia asome tena, kisha nikaenda nikasimama ndani ya chumba chenyewe, mlango umefungwa. Nimeelewa.

Lakini sauti itakayouliza humo ndani haiwezi kuwa ya mtu yeyote tu. Nimejaribu ya mlinzi wangu, watoto wakacheka. Nimejaribu yangu, wakalia. Sauti inayotakiwa ni ya Munene mwenyewe. Atasikika na maelfu ya watu, wageni wa heshima watasimama kumsikiliza, na jina lake litaandikwa mlangoni. Mzazi gani hataki mtoto wake akumbukwe hivyo?

Sikutaka kulileta jambo zito kwa mikono mitupu wala kwa kalamu peke yake. Kwa hiyo nimefuata njia yetu ya heshima na kumtumia mzee wa boma, ndugu Nthiga, ombi langu kama inavyopaswa. Dereva wangu amelikabidhi mkononi mwake. Nasubiri jibu lenu.

Wako katika ujenzi wa Meru mpya,
Thuranira


Kianjokoma
19 Oktoba 1998

Mzee Thuranira,

Asante kwa barua na kwa maneno mazuri juu ya mwanangu.

Nimemwuliza shemeji yangu Nthiga kuhusu ombi ulilomtumia. Anaapa hakupokea karatasi yoyote. Anasema dereva wako alimkuta pale steji ya matatu akampa kifungu cha miraa ya kutafuna kilichofungwa vizuri kwa ganda la mgomba, naye Nthiga akadhani ni zawadi ya pole kwa msiba. Walikaa na wenzake wakaila hapo hapo wakapiga hadithi hadi jioni. Anakushukuru sana, amesema ilikuwa laini. Labda barua ilidondoka njiani.

Hata kama ingefika, jibu langu lingekuwa hili. Kaseti sitoi. Naomba usinione mtu mbaya. Hao maelfu ya watu hawamjui. Kwao atakuwa sauti ya mchezo, watamsikiliza halafu waende kwenye bembea. Mimi nikimsikiliza siendi popote.

Cicily, Mama Munene


Kianjokoma
2 Novemba 1998

Kinya,

Kaseti imeondoka. Kama wewe ulijua, niambie ili nikome kukuita mwanangu. Kama hukujua, nisaidie.

Leo niliteremka na majani yangu ya chai hadi kwenye kituo, mizani ilichelewa, nikarudi jua limeshageuka. Nilimkuta Nthiga amekaa kwenye gogo nje ya jikoni, hataki kuniangalia usoni.

"Mama Munene," akasema, "kuna watu walikuja na gari la Meru."

"Walitaka nini?"

"Walisema nimeshakubali."

"Ulikubali nini, Nthiga?"

"Hata mimi niliwauliza hivyo. Wakaniuliza, mzee, ile miraa uliila? Nikasema niliila, ilikuwa nzuri, ingawa yale majani yetu ya muguka yanaishinda. Wakacheka sana. Wakasema, basi mambo yamekwisha, na wewe, Mama Munene, ulimwandikia bosi wao kwamba imeliwa. Wakauliza kaseti iko wapi."

"Ukawapa?"

"Walikuwa na adabu, Mama Munene. Walivua kofia. Nikadhani wewe na yule msichana mmeelewana."

Nilienda chumbani. Kitambaa nilichokuwa nikiifungia kipo kitandani, kimekunjwa. Nthiga alikikunja. Sijui kwa nini hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Sijamgombeza. Amekaa kwenye gogo hadi sasa, amekataa chakula. Ni mtu ambaye hajawahi kuniibia hata chumvi. Lakini sielewi, Kinya. Mtu anakula majani aliyopewa barabarani, na kwa hayo mwanangu anachukuliwa mara ya pili? Ni sheria ya wapi hiyo?

Nijibu upesi. Jumapili inakuja na sina cha kusikiliza.

Cicily


Meru
9 Novemba 1998

Mama,

Sikujua. Naapa kwa kaburi lake kwamba sikujua hadi gari liliporudi na dereva akashuka akiwa ameshika kitu kidogo ndani ya bahasha kubwa, kama mtu aliyebeba yai.

Acha nikueleze, maana hili ni jambo la kwetu na ninyi hamngeweza kulijua. Huku kwetu kuna miraa ya kula na kuna miraa ya kusema. Ile ya kusema hufungwa kwa namna yake, kwa ganda la mgomba, na anayetuma hahitaji kuandika. Kifungu chenyewe ndicho ombi. Mwenye boma akikifungua amekubali. Asipokubali hukirudisha kikiwa kimefungwa vile vile, na hakuna anayekasirika. Baba mkubwa hakudhani kuna mtu mzima duniani asiyejua hilo. Ulipomwandikia kwamba Nthiga alikifungua na kukila na wenzake, alipiga meza kwa furaha. Yale maneno yako mengine ya kukataa alisema ni uchungu tu wa mama, na kwamba wazee wameshamaliza.

Kaseti iko kwa Kirimi, fundi wa sauti mwenye duka karibu na soko. Baba mkubwa amemwambia atoe sauti ya Munene peke yake. Kicheko chako, jogoo, na ile habari ya nguo za shamba, vyote vikatwe. Amepewa hadi mwisho wa mwezi huu. Nilienda dukani kwake jana. Kaseti nimeiona kwa macho yangu, ipo. Usiniulize zaidi ya hapo kwa sasa.

Kuna njia moja. Niliisikia kwa nyanya yangu nikiwa mdogo. Boma likisema kwamba aliyefungua kifungu hakuwa na haki ya kukifungua, linafunga kingine cha kwake na kukirudisha, na aliyetuma hawezi kukitupa bila kuwaita wazee. Baba mkubwa anapenda mashine mpya, Mama, lakini hilo analiogopa kuliko anavyoogopa benki. Fanya hivyo, na ufanye upesi. Kifungwe kwa ganda la mgomba lililokauka, mafundo upande mmoja, kisifunguke njiani.

Akijua ni mimi niliyekuambia, nitarudi Kibirichia kuchimba viazi, na banda atampa mtu mwingine alimalize. Barua hii ukishaisoma, itie motoni.

Kinya


Kianjokoma
17 Novemba 1998

Mzee Thuranira,

Pamoja na barua hii pokea kifungu. Nimekifunga mwenyewe, na anayekileta ni Nthiga, kwa miguu yake na kwa mkono wake, maana amekataa mtu mwingine asikibebe.

Nthiga hakuwa na haki ya kufungua kile cha kwanza. Hilo si kosa lake wala lako. Hakujua anaulizwa, na mtu hawezi kujibu swali ambalo hakulisikia. Anayeulizwa juu ya Munene ni mimi. Nilimbeba, nilimnyonyesha, nilimzika. Jibu langu unalo mkononi, limefungwa.

Utaona si miraa. Nilitafuta sokoni hadi mwisho, nikakosa iliyo nzima. Huku kwetu watu hutafuna muguka, na muguka ni majani matupu, hayafungiki kama vijiti vyenu. Yalikuwa yakinitoka vidoleni kila nikikaza. Mwishowe nimeyashona ndani ya ganda la mgomba kwa uzi wa gunia. Kama kwenu hilo halihesabiwi, waite wazee waniambie.

Kaseti isiguswe hadi wazee wamesema.

Cicily, Mama Munene


Bustani ya Furaha
Meru, 26 Novemba 1998

Mama Munene,

Ndugu Nthiga alifika asubuhi, akasimama getini, akakataa kuketi, akakataa chai, na akakataa hata kupanda bembea bure. Alisema haondoki hadi nimekipokea kwa mikono miwili. Nilikipokea.

Niliwaita wazee watatu. Mzee Kaberia alikigeuza-geuza akasema, "Hii ni nini? Huu ni mto wa mtoto." Mwingine akasema muguka ni chakula cha mbuzi na hauwezi kusema neno mbele ya watu. Wa tatu ni mtu mkimya, nilimwita kwa kuwa ana masikio mazito na sikutegemea angesema kitu. Akachukua kifungu akaangalia ule uzi wa gunia kwa muda mrefu. Akasema, "Huyu mama amefunga kitu kisichofungika. Mnataka afanye nini zaidi?" Wakabishana hadi chai ikapoa. Mwisho wakasema kwa pamoja kwamba mtoto hasemewi na baba mdogo wakati mama yake yuko hai, na kwamba niliharakisha.

Nakubali. Kaseti yako hii hapa. Nthiga ameiweka ndani ya shati lake, na amekataa lifti.

Sikuwa mwizi, naomba uniamini. Nilimpenda kijana yule. Wengine hapa husema ndiyo mzee, ndiyo mzee. Yeye alikuwa akiniuliza, "Mzee, kwa nini?" Kuna siku husimama katika kile chumba cheusi nikingoja mtu aniulize.

Kuhusu chumba chenyewe, sitaweka sauti ya mtu mwingine. Tumebakiwa na siku chache, na nimeagiza friji ya soda. Kinya hanisemeshi.

Thuranira


Kianjokoma
6 Desemba 1998

Kwa Kinya,

Kaseti ilifika na barua ya baba yako mkubwa, lakini kutoka kwako hapakuwa na hata mstari mmoja. Nilishangaa kidogo, kisha nikajiambia labda unapaka rangi.

Niliweka betri juani. Nikanawa mikono. Nthiga akakaa mlangoni na kofia yake magotini, kama mtu aliye kanisani. Nikabonyeza.

Nikasikia mwanamume nisiyemjua. "Tesiti. Tesiti. Moja, mbili." Akakohoa. Halafu kukawa na mlio, halafu Munene yuko tayari katikati ya maneno, anaeleza mikokoteni ya viazi.

Nilirudisha nyuma nikidhani sikuanzia mwanzo. Nikageuza upande wa pili. Nikarudisha tena. Nthiga akasema, "Mama Munene, acha, utaukata uzi." Ndipo nikaacha. Yaliyobaki yote yapo. Makopo yapo, kicheko kipo, jogoo yupo. Ni pale mwanzo tu ambapo huyo Kirimi alijaribia mashine yake. Hajui alichofuta. Kwake palikuwa mlio kidogo na maneno mawili.

Hapo nikaelewa kwa nini uliniandikia nisikuulize zaidi. Ulikuwa umeshaisikia. Kinya, nilikukasirikia. Nilikukasirikia hadi nikaenda shambani nikachuma chai mbaya, majani makubwa makubwa, ikarudishwa kituoni. Nilikuwa nikisema moyoni, huyu msichana aliniandikia "ipo" na alijua si nzima. Kisha jioni moja nilikuwa nikipika, mikono ina unga, na nikakuona tena na sweta yako ya kijani, mbali na kaburi. Mtu anayesimama mbali hivyo hataki kuumiza mtu. Ulitaka kwanza niipate iliyobaki. Ungeniambia mapema, nisingekuwa na nguvu ya kufunga yale majani. Hasira imekwisha. Usijifiche tena.

Sasa nikwambie jambo lingine. Tangu siku hiyo, nikibonyeza na kumsikia yule mtu akihesabu, mimi mwenyewe ninasema yale maneno yaliyofutwa. Ninayasema kwa sauti, kabla Munene hajaanza. Siku ya kwanza Nthiga aliniangalia akidhani nimepotelewa na akili. Lakini jinsi nilivyoyasema ndivyo nilivyogundua kitu. Miaka yote ile ya makopo sikuwahi kumjibu sawasawa. Nilikuwa na sufuria, nilikuwa na moshi, nilifanya mzaha. Na Pasaka aliponiwekea redio mdomoni, nilikataa kwa sababu ya nguo.

Ndani ya bahasha hii utakuta kaseti. Si ile. Ile haitoki tena humu ndani. Hii ni mpya, Nthiga aliinunua Embu mjini kwa pesa zake, na alinishikia redio nilipokuwa nikisema. Safari hii nilivaa nguo ya kanisani.

Mwambie baba yako mkubwa airudishe friji. Mwambie pia kwamba hili hakuniomba na hakuna aliyefungua kitu chochote, nimempa tu. Lakini chumba kigeuzwe kidogo. Sauti isimwulize mtoto. Mtoto aingie, akae kwenye kigoda, na mlangoni umwambie kwamba yeye ndiye wa kuuliza. Aulize kwa nguvu, gizani, kama mtu aliye ghalani. Akimaliza kusema "Unanisikia?", wewe uliye nje bonyeza mashine. Nitamjibu mimi.

Nimesema maneno machache tu. "Nakusikia. Sema." Nimeyasema mara nyingi, hadi kaseti ikaisha pande zote mbili, ili watoto wote watoshe. Mara ya kwanza peke yake nimetaja jina la Munene. Hiyo usiwape wageni. Ni ya siku ambayo banda litakuwa halijafunguliwa, na utakuwa umeingia humo peke yako kupaka rangi pembe za mwisho.

Nthiga anasema jogoo amewika tena katikati. Usimwache Kirimi amkate.

Sitaweza kufika Jamhuri, chai haiachwi msimu huu. Baada ya sikukuu, njoo nyumbani kama Munene alivyopanga akulete. Kigoda cha jikoni kipo.

Na siku hiyo ya kufungua, mlango wa chumba cha mwisho ukifungwa na mtoto wa kwanza akiuliza, nikumbuke.

Cicily, mama yenu